Makopo ya Dunguni

Kopo la mashariki lililia mara moja tu, likanyamaza.

"Nini hicho, Bi Mwatima?" Shamte aliuliza kutoka chini ya dungu.

"Upepo," alijibu, na wala hakuna jani la mpunga lililotikisika.

Kazi yake ndiyo hiyo: kupanda dunguni baada ya swala ya alfajiri na kulinda shamba la ujamaa. Huku kaskazini mwa Mafia nguruwe mwitu hawana adabu. Kamba zilizunguka shamba zima, kila upande na kopo lake, kila kopo na sauti yake. Likilia, Mwatima hutaja upande, kisha hutaja aliyegusa. Akisema "mtu", wanaume hukimbia na fimbo kumkamata. Akisema "nguruwe", hunyatia na kurusha mikuki kwa mbali, maana nguruwe dume akikuwahi atakupasua tumbo.

Hakuwahi kukosea. Nguruwe huburura kamba, kopo likapiga kelele kama za harusini. Mtu huinyanyua taratibu.

Shamte, mwenyekiti wa kijiji, hakuondoka. "Masuke yanakatwa kwa kisu. Nguruwe atakitoa wapi kisu? Mkutano umeamua: mwizi akikamatwa, anatolewa kijijini."

"Na mkewe, mwenyekiti? Na watoto?"

"Wote. Wakale wanakojua."

Mwatima aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na watoto watatu, na mume, Matano, ambaye kila alfajiri huaga kwamba anakwenda kutazama madema. Samaki hawakuonekana nyumbani. Mchele pia haukuonekana, ila kwa Biubwa, mjane wa ng'ambo ya mto, chungu hakikushuka jikoni. Zamani Mwatima angelia. Sasa moyo ulikuwa umekufa ganzi. Hata chai aliinywa bila kujua kama ina sukari.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito. Kopo la mashariki likalia. Mara moja, taratibu.

Wanaume waliokuwa wakingoja chini ya dungu wakainua nyuso.

"Nini?" Shamte akauliza.

Mwatima alijifunika kanga vizuri mabegani. Hakuona hasira, hakuona huruma.

"Nguruwe," akasema. "Mashariki. Dume."

Wakanyatia. Mikuki ikaruka, mpunga ukalala.

Walikuwa bado wanakimbilia huko wakishangilia, Mwatima alipokwisha kushuka ngazi, anakwenda nyumbani kukaa eda.