Kuku wa Siti ya Nyuma

Gari la marehemu lilikuwa limegeuka banda la kuku tangu alipozikwa. Injini fundi alishaifufua, lakini uchafu ulibaki, na alasiri hii Mwanakheri, binti wa marehemu, alitaka kwenda kuolewa ndani ya gari hilohilo.

"Wakwe wakifika halijatakata, nitapanda la kwao," alimwambia Mwatumu, muosha magari. "Na baba atakuwa hajanisindikiza."

Mwatumu akakunja mikono ya shati. Akasugua, akapaka nta, mpaka rangi ya bluu ikachungulia kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Ndani akakwangua vinyesi, kisha akakutana na mwenye nyumba: kuku mwekundu, akiatamia mayai kwenye siti ya nyuma.

"Usimguse!" mama wa bibi harusi akamaka. "Ukimhamisha atayasusa mayai."

"Basi mama, naye tumshonee sare ya harusi," Mwatumu akacheka, akaendelea kusugua kumzunguka kuku, huku akidonolewa mkono.

Ngoma za wakwe zikasikika kwenye kona. Mwanakheri akaingia, akakusanya gauni lake jeupe, akaketi kando ya kuku.

Mwatumu akapangusa kioo mara ya mwisho. Nyuma ya kioo hicho, bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa, akisikiliza mlio mwembamba chini ya mbawa za kuku.