Aliyeona Kifo cha Nyati

Nyati, kiongozi wa wanyama, alikutwa ameuawa mtoni, na Fisi akakalia kiti chake. Wanyama wakaitana kubishana. Nyani alisema ni radi. Ngiri akasema ni njama za wageni kutoka ng'ambo. Fisi aliwasikiliza kwa upole, akawasifu wote.

Ndipo Kanga akasema, "Mimi nilikuwa kichakani. Niliona Chui akimrukia, na wewe, mheshimiwa, ndiye uliyemwonyesha njia."

"Nani mwingine aliona?" Fisi akauliza.

Kanga akamgeukia Digidigi, aliyekuwa naye kichakani.

"Mimi sikuwepo," Digidigi akajibu.

Kesho yake manyoya ya Kanga yalikutwa yametapakaa njiani. Wanyama wakabishana upya. Digidigi alinyamaza, maana Fisi alikuwa akimtazama yeye tu.