Maziwa ya Njiru

Mbuzi wa tatu aliharibu mimba Jumatatu asubuhi. Everline Khavere alikiinua kijusi kwa sepetu, akakizika nyuma ya banda, akanawa mikono. Hakulia. Kwa yule wa kwanza alilia.

"Tuwauze kabla watu hawajajua," alisema mumewe, Wekulo, akivaa viatu vya kazi.

"Nani atakula nyama yao?"

Wekulo alifunga kamba za viatu, akaenda zake.

Mchana alikuja Mumin, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya utafiti huko Njiru. Alimpima beberu, akamwachilia polepole. Beberu huyo alikuwa na miaka mitatu, lakini korodani zake zilikuwa ndogo kama za mwanambuzi.

"Mama Jacky, hawa wanakunywa maji gani?"

"Ya kisima. Sisi sote."

Mumin alitazama ng'ambo ya ukuta. Kulikuwa na karakana iliyopaka maturubai dawa ya kuzuia maji, na uchafu wake ulitiririka kwenye mtaro uliopita karibu na kisima.

"Dawa ile ina florini," alisema. "Haiozi. Ikiingia mwilini inakaa, inavuruga homoni. Dume hakomai, na mimba ya jike haikai. Lakini siwezi kuwashtaki wenye karakana bila vipimo."

"Na watu, mnawapima?"

"Hapana, mama. Kazi yangu ni mifugo tu. Kuhusu watu niliandika barua, sijajibiwa."

Everline aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Mumin alimwachia kasha la chupa ndogo. Alfajiri amkamue kila mbuzi mwenye maziwa katika chupa yake, abandike namba. Everline alifanya hivyo, Jacky wa miezi minne akiwa mgongoni. Kabla ya saa mbili chupa zilikuwa zimechukuliwa.

Wiki sita zilipita. Mbuzi mwingine akaharibu mimba. Everline akachimba tena.

Mumin aliporudi na majibu, alimkuta ameketi kizingitini, amejitanda leso.

"Wote wanayo dawa ile," alisema, akikunjua karatasi. "Lakini namba sita amewapita wenzake mara nne. Sijawahi kuona kiwango kama hicho. Ana mtoto?"

"Anaye."

"Asinyonye tena kwake, hata leo. Nionyeshe ni yupi nimtoe damu. Kwa ushahidi huu, karakana itafungwa."

Aliingia bandani, akaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja. Huyu? Everline akatikisa kichwa. Huyu mweusi? Akatikisa tena. Mumin alimaliza banda zima, akageuka, karatasi ikining'inia mkononi.

"Hayuko humo, daktari," Everline alisema.

Akainua ncha ya leso. Jacky alikuwa bado ananyonya.