Mgao wa Watu Watatu

Tangu kila nyumba ya Kongwa ifungiwe mtambo wake wa maji, hakuna aliyebeba ndoo tena. Mtambo ulisafisha maji yote yaliyotumika, ya kuogea, ya vyombo, hata ya chooni, ukayarudisha bombani yakiwa matamu na baridi. Uliyapima pia, ukajua hali ya afya ya waliomo ndani, na kila asubuhi ukatoa mgao wa kila mtu.

Semeni, mjane wa miaka arobaini na minne, aliishi na bintiye Nyemo, aliyekuwa akisomea ualimu. Jumatatu moja kioo cha mtambo kiliandika: mgao wa watu watatu.

"Nyemo! Njoo hapa. Mimba ya nani hii?"

"Haki ya Mungu, mama, mimi sina mimba." Nyemo alikisoma kile kioo, kisha akamtazama mama yake. "Na wewe je? Si yule rafiki yako, Mzee Chilewa, anakuja kila Jumapili?"

Siku za Semeni zilipokoma, alidhani ni umri tu. Ghafla kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka akakaa chini. Nyemo naye akacheka, akamkumbatia.

Simu ikalia. Ilikuwa ofisi ya maji, iliyokwisha kupokea taarifa ya mtambo, ikimpongeza Semeni na kumpangia siku ya kliniki.

"Hata Chilewa mwenyewe hajajua," alisema Semeni baada ya kukata simu, akifuta machozi ya furaha.

Kisha akamshika Nyemo mkono, akamtoa hadi uani ili wazungumze mbali na bomba, ingawa alijua fika kwamba mtambo hausikii maneno.