Chai ya Mwenyekiti

Birika zilikuwa mbili mekoni, na Mwanasiti akashika ile ya maji ya mto.

Nyingine ilikuwa ya maji ya mvua, iliyochemshwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni mwenyewe, mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa, alikuwa sebuleni akiwaambia akina mama kwamba mto wao hauna neno, hata kama kiwanda kinamwaga maganda huko juu.

"Wacha hiyo, mtoto wa bahari," mama mwenye nyumba alimnong'oneza. "Huyu mtu iko na mkono mrefu. Atakufukuzisha chuo cha ualimu, urudi kwenu Lamu."

"Najua, mama."

Alijua, na moyo haukumtulia. Lakini miaka miwili alikuwa amelala chini ya blanketi la mama huyu, na mwezi huu mzima alikuwa akiwapangusa watoto wake matumbo yakiwaharisha.

Akamimina. Chai ikajaa kikombe. Rangi yake ilikuwa nzuri, maziwa tele, ila mvuke ulinuka maganda yaliyooza. Na huku milimani mgeni hakatai chai. Akiikataa, ameikataa nyumba.

Mwenyekiti akapokea kikombe, akakifikisha mdomoni, akasita.

"Ati hii chai iko na nini?"

Akina mama wote wakatazama sakafu. Mwanasiti, ambaye hata darasani huitwa mara mbili ndipo ajibu, akainua uso.

"Ni maji ya mto wetu, mzee," alisema. "Karibu."