Asili ya Pasopu

“Pasopu! Pasopu! Pasopu!”

Wazee waliinua mikono. Vijana wa safu ya nyuma wakacheka, na Mchungaji Blaise akafunga Biblia yake kwa kishindo.

“Papa Bisimwa, wewe ndiye unayelitetea neno hili, na maana yake hatuijui. Nakupa mwezi mmoja. Ukikosa kutuonyesha asili yake, tunaliondoa kwenye ibada.”

Bisimwa alirudi nyumbani. Mama yake alikuwa amekata roho na neno hilo mdomoni. Kule Kivu, mmisionari wa Kinorwei, Bwana Sverre, alilitamka kwa sauti kuu mara tatu kabla ya kila sala. Waumini wakalibeba mpaka kambi ya wakimbizi, kisha mpaka hapa Merrylands, Australia.

Alifunga siku tatu. Kila akitoka kazini, kwenye ghala la Minto, alipitia darasa la jioni la Kiingereza, na mwalimu akamsaidia kulichambua neno katika kamusi kubwa ya Kinorwei. Kipande cha kwanza Wanorwei walikipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa kwenye Kilatini: hatua. Kipande cha pili: juu.

“Hatua kwenda juu!” alimwambia mkewe Faida. “Ni kupaa kwa Bwana!”

“Papa Aimé,” Faida alimwita kwa jina la mtoto wao, “umewauliza Wanorwei wenyewe?”

“Wale imani imewapoa siku nyingi. Lakini Mungu ni mwema: nimempata binti wa Bwana Sverre. Anakaa hapahapa, Cabramatta!”

Jumapili ya mwisho wa mwezi binti huyo, Mama Gudrun, aliketishwa mbele. Alikuwa na miaka karibu themanini, na Kiswahili chake bado kilikuwa kile cha Bukavu. Bisimwa alihubiri hatua kwenda juu mpaka koti likalowa jasho. Kanisa lote likasimama, vijana nao.

“Pasopu! Pasopu! Pasopu!”

Mama Gudrun aligeuka haraka kutazama mlangoni. Kisha akaangua kilio.

“Roho ameshuka!” Bisimwa alisema. Mchungaji Blaise alikuwa tayari amepiga magoti.

Mama Gudrun akaomba kipaza sauti, akapangusa machozi.

“Baba hakuwa akianza kusali kabla hajamwita Pasopu atoke nje,” alisema. “Miaka sitini, wanangu, na bado mnamkumbuka mbwa wetu!”