Kibuyu cha Ng'ambo

Mwantumu alipima baruti kwa mizani ya sonara, chembe kwa chembe, akaimimina kwenye ganda tupu la risasi na kubana kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda hilo.

"Shangazi, unawinda au unapima dhahabu?" aliuliza Kibwana, kiongozi wa wawindaji, mwenye risasi za dukani. Wenzake wakaangua kicheko.

Kila mwaka, kabla ya kuwasaka nguruwe walioharibu mihogo, kibuyu kilitundikwa kwa kamba ng'ambo ya bonde. Aliyekiangusha ndiye aliyeongoza msako. Safari hii Kibwana alipiga mara tatu, na kibuyu kikaning'inia vilevile.

Mwantumu alilala kifudifudi, akatulia, akapiga mara moja. Kibuyu kikaanguka.

Kibwana alikimbia kukichukua. Aliporudi alikuwa akikigeuzageuza.

"Hakina hata mkwaruzo. Ni upepo tu!"

"Usitafute tundu kwenye kibuyu, mwanangu. Tazama kamba," alisema Mwantumu. "Hicho nitakitilia maziwa."

Kamba ilikuwa imekatika, na ncha yake ilikuwa na alama nyeusi ya risasi. Polepole, Kibwana alivua pembe ya msako shingoni, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mwantumu akaipuliza, na mbwa wote wa msako wakainuka.